Somo la Jikoni: Mabawa ya Kuku Yaliyojazwa kwa Mtindo wa Thailand

Ndugu wakulima, somo la mwezi huu ni la jikoni, lakini linahusu shamba pia. Mkulima anayefuga kuku hupoteza mali mara mbili: mara ya kwanza bandani, kuku wanapokufa kwa magonjwa, na mara ya pili jikoni, nyama inapogawanywa vibaya. Juu ya banda tumekwisha kusema mengi. Leo tutazame jikoni.

Kuku akichinjwa nyumbani, kila mtu ajua sehemu yake. Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni na wakubwa, na kidari hugawanywa. Mabawa huachiwa watoto. Mtoto hupewa bawa, hulitafuna dakika mbili, hubaki na mifupa mkononi na njaa tumboni. Na mtoto ndiye anayejenga mwili, tena ndiye anayehitaji nyama kuliko sisi tuliokwisha kukua.

Watu wa Thailand, nchi iliyo kusini-mashariki mwa Bara la Asia, wana njia yao ya kulifanya bawa kuwa chakula kamili. Hulitoa mifupa bila ya kuipasua ngozi, hulijaza nyama iliyosagwa pamoja na viungo, hulipika kwa mvuke, kisha hulikaanga. Bawa moja lililokuwa la kutafuna tu huwa kipande kinene cha kumtosha mtu pamoja na wali au ugali. Kazi hii yataka kisu kikali na subira. Haitaki mashine wala jiko la umeme.

KUKU ALITOKA WAPI

Si ajabu kwamba watu wa upande ule wajua kuku vizuri. Kuku wote tunaofuga asili yao ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba mifupa ya kuku wa kufugwa ya zamani kuliko yote waliyoweza kuithibitisha ilipatikana mahali paitwapo Ban Non Wat, katika Thailand ya kati. Umri wake wakadiriwa kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya kuzaliwa Kristo. Wataalamu hao wadhani kwamba kilimo cha mpunga na mtama ndicho kilichomvuta ndege huyu kutoka msituni: alifuata punje zilizomwagika mashambani, akazoeana na watu. Hata leo mkulima wa Mwea aonapo kuku wakidonoa mpunga nyuma ya nyumba, aona jambo la kale sana.

Chakula hiki kwa Kithai chaitwa *peek gai yat sai*, yaani mabawa ya kuku yaliyojazwa. Thailand mara nyingi hujazwa nyama ya nguruwe iliyosagwa, tambi nyembamba za kung'aa, na uyoga. Tambi hizo hutengenezwa kwa wanga wa ndengu, zile zile ndengu za kijani zinazolimwa Ukambani, ambazo wengine huziita choroko au pojo. Msingi wa ladha ni vitu vitatu vilivyotwangwa pamoja: mizizi ya dania, vitunguu saumu na pilipili manga. Badala ya chumvi nyingi, wao hutia maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi.

Hapa kwetu wengi hawali nguruwe, na tambi zile hazipatikani katika kila duka. Kwa hiyo somo letu litatumia nyama ya kuku mwenyewe na wali. Mizizi ya dania, saumu na pilipili manga tutaviacha vile vile, maana vyote vyapatikana sokoni, na dania yaota hata kando ya mfereji wa maji machafu ya kuoshea vyombo. Ukienda sokoni, nunua dania yenye mizizi yake. Usikubali ikatwe.

KUCHAGUA NA KUTAYARISHA KUKU

Kuku mmoja ana mabawa mawili tu. Kwa hiyo chakula hiki chafaa siku ya kuchinja kuku wengi: siku ya harusi, ya harambee, au siku kundi la akina mama linapopunguza majogoo ili kuwauza. Somo hili lahesabu kuku 6, yaani mabawa 12.

Chagua majogoo wachanga wa miezi minne au mitano. Kuku mzee aliyemaliza kutaga anafaa kwa mchuzi, lakini ngozi yake ni ngumu na bawa lake lataka kuchemshwa muda mrefu. Usichinje kamwe kuku mgonjwa, wala usile aliyekufa mwenyewe. Kama kuku wamepewa dawa, ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite kabla ya kuchinja.

Ngozi nzima ndiyo mfuko wetu. Ikipasuka, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo maji ya kunyonyolea yasiwe yanachemka. Pima sufuria mbili za maji yaliyochemka, ongeza sufuria moja ya maji baridi ya ukubwa ule ule, kisha mtumbukize kuku kwa muda wa karibu dakika moja. Manyoya ya bawa yakitoka kwa kuvutwa kidogo, inatosha. Maji yanayotokota huipika ngozi, nayo hutoka pamoja na manyoya. Vijinyoya vidogo ving'olewe kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Usimbabue kuku juu ya moto mkali, kwani ngozi hujikunja na kukatika.

KUTOA MIFUPA

Hapa ndipo penye kazi. Soma maneno haya mara mbili kabla ya kushika kisu.

Bawa lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipande cha bega, chenye mfupa mmoja mnene. Ya pili ni kipande cha kati, chenye mifupa miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Ya tatu ni ncha, isiyo na nyama.

1. Kata bawa lote penye kiungo cha bega. Usikate mfupa, tafuta kiungo kwa kidole, kisha pitisha kisu katikati yake.

2. Tenga kipande cha bega na kipande cha kati, tena penye kiungo. Kipande cha kati na ncha vibaki vimeshikana, maana ncha ndiyo inayofunga mfuko upande wa chini.

3. Weka vipande vya bega kando. Hivyo havitajazwa, lakini nyama yake ndiyo itakayojaza vingine.

4. Shika kipande cha kati, ule upande uliokatwa utazame juu. Utaona vichwa vya mifupa miwili. Kwa ncha ya kisu kata mishipa inayoizunguka, ukiegemeza kisu kwenye mfupa na kukiepusha na ngozi. Kisha kata katikati ya mifupa hiyo miwili ili iachane.

5. Sasa sukuma nyama chini kwa kidole gumba, kidogo kidogo, kama mtu anayevua soksi. Panaposhika, kwangua mfupa kwa kisu, kisha sukuma tena. Nyama na ngozi vitageuka ndani nje, na mifupa itabaki mitupu.

6. Ukifika kiungo cha chini, shika mfupa mwembamba, uzungushe na kuuvuta, utatoka. Fanya vivyo hivyo kwa mfupa mnene.

7. Geuza nyama irudi mahali pake. Sasa una mfuko mdogo wa ngozi na nyama, ulio wazi juu na kufungwa chini.

Bawa la kwanza litakuchukua dakika nyingi, na huenda likapasuka. Usikate tamaa. Lililopasuka litie katika nyama ya kujazia. Kufikia bawa la tano mkono utakuwa umezoea.

VITU VYA KUJAZIA

Kwa mabawa 12 tayarisha hivi:

Nyama iliyokwanguliwa kutoka vipande 12 vya bega, karibu robo kilo. Ikipungua, ongeza nyama ya shingo na mgongo.
Wali uliopoa, nusu kikombe.
Karoti moja ndogo, iliyokatwa vipande vidogo sana.
Vitunguu vya majani, miche mitatu.
Vitunguu saumu, punje 4.
Mizizi ya dania kutoka miche 5 au 6, iliyosuguliwa na kuoshwa vizuri.
Pilipili manga, kijiko kimoja cha chai.
Sosi ya soya, kijiko kimoja cha mezani. Kama huna, tumia chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai.
Yai moja.

Twanga saumu, mizizi ya dania na pilipili manga katika kinu mpaka viwe laini. Harufu yake itakuambia kama vimekwisha kuwa tayari. Katakata nyama kwa kisu kizito mpaka iwe kama iliyosagwa. Changanya vyote pamoja kwa mkono, ukikoroga upande mmoja, mpaka mchanganyiko ushikane na kunata.

Usionje mchanganyiko huu ungali mbichi. Kaanga kidonge kidogo, kipike kabisa, ndipo uonje kama chumvi inatosha.

KUJAZA

Tia vijiko viwili vya mezani katika kila bawa, ukisukuma taratibu mpaka chini. Jaza robo tatu tu. Kosa la watu wengi ni kujaza mpaka juu ili bawa lionekane kubwa. Ngozi ikipata moto hujikaza, na vilivyo ndani huvimba. Bawa lililojaa mno hupasuka, na vilivyomo humwagika ndani ya mafuta. Funga mdomo wa mfuko kwa kijiti cha kuchokolea meno, ukikipitisha mara mbili kama sindano. Hesabu vijiti vyote utakavyotumia, na uvihesabu tena wakati wa kuvitoa, ili mtoto asije akamezeshwa kimoja.

Mchanganyiko utakaobaki ufinyangwe kuwa vidonge, upikwe pamoja na mabawa.

KUPIKA KWA MVUKE

Bawa lililojazwa lisitiwe katika mafuta likiwa bichi. Nje litakuwa jekundu la kupendeza, na ndani litakuwa bichi bado. Nyama ya kuku mbichi huwa na vijidudu viletavyo kuhara na homa, navyo hufa tu moto unapofika katikati kabisa. Ndiyo sababu ya mvuke kutangulia.

Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko. Weka ndani mawe matatu safi yaliyo sawa, tia maji yasiyofika juu ya mawe, kisha weka sahani ya bati juu yake. Panga mabawa sahanini yasibanane. Funika, na juu ya mfuniko weka kitu kizito. Anza kuhesabu dakika mvuke unapoanza kutoka, si kabla.

Mahali pa chini na penye joto, dakika 25 zatosha. Lakini ndugu zetu walio Kinangop, Ol Kalou, Molo na mahali pengine pa juu, sikieni vizuri: kwenu maji huchemka mapema kuliko pwani. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 92. Maana yake mvuke wenu hauna joto jingi kama wa pwani, kama mnavyojua kwa maharagwe yenu yasiyoiva upesi. Kwa hiyo ninyi pikeni dakika 35, na mwongeze maji yasije yakakauka.

Kisha toa bawa lililo nene kuliko yote, ulikate katikati. Maji yake yawe meupe, nyama isiwe na wekundu wowote, na mvuke utoke ndani. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome katikati ya nyama. Kisome nyuzi 74 au zaidi. Kama bado, rudisha yote motoni dakika 10.

KUKAANGA, NA SOSI YAKE

Acha mabawa yakauke, au yafute kwa kitambaa safi, maana maji yakiingia katika mafuta ya moto huruka na kuunguza. Yapake unga wa mchele au wa ngano kidogo sana. Kaanga katika mafuta yanayofika nusu ya bawa, ukigeuza, kwa dakika 5 au 6, mpaka ngozi ikauke na kuwa rangi ya dhahabu. Asiyetaka kutumia mafuta ayachome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto. Toa vijiti na kuvihesabu.

Watu wa Thailand hula mabawa haya pamoja na sosi tamu yenye ukali. Chemsha sukari nusu kikombe, siki nusu kikombe, maji nusu kikombe, chumvi kidogo, saumu punje 3 na pilipili nyekundu 2 zilizotwangwa. Acha itokote polepole dakika 10 hivi, mpaka iwe nzito kidogo. Ikipoa huzidi kuwa nzito. Kwa watoto wadogo, gawa kwanza kabla ya kutia pilipili.

Mifupa iliyotolewa isitupwe. Ichemshe pamoja na mifupa ya mgongo kwa saa moja, upate supu. Supu ikisha kuchujwa, mifupa ifukiwe shimoni. Usimpe mbwa, kwa kuwa mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kama sindano.

NJIA ZA NCHI NYINGINE

Wajapani pia hujaza mabawa. Wao hutia nyama iliyosagwa, kabichi, tangawizi na saumu, yaani vitu vile vile wanavyotia katika vitumbua vyao vya nyama viitwavyo *gyoza*. Njia hii yawafaa sana wakulima wa kabichi. Katakata kabichi iwe laini, itie chumvi, ngoja dakika 15, kisha ikamue kwa nguvu mpaka maji yatoke. Itie badala ya wali. Kabichi isiyokamuliwa hutoa maji ndani ya bawa na kulipasua.

Taiwan na Uchina hujaza wali uliokwisha kupikwa na kutiwa viungo, kisha huyachoma mabawa juu ya makaa na kuyauza katika masoko ya usiku. Ukifuata njia hiyo, nyama ya bawa lenyewe ni mbichi bado ingawa wali umeiva. Kwa hiyo usiache kanuni ya mvuke.

USAFI

Nyama mbichi iwe na ubao wake na kisu chake. Usikatie mboga za kuliwa mbichi juu ya ubao huo kabla ya kuusugua kwa sabuni na maji ya moto. Osha mikono kwa sabuni baada ya kujaza, kabla ya kushika kitu kingine. Usimwoshe kuku chini ya bomba lenye nguvu, kwa sababu maji yanayoruka hutawanya vijidudu jikoni mwote.

Mabawa yaliyopikwa yasikae nje zaidi ya saa mbili. Asiye na friji apike yale tu yatakayoliwa siku hiyo. Yaliyolala ndani ya friji yapashwe moto mpaka mvuke utoke ndani, na mara moja tu.

FAIDA KWA KUNDI

Kundi linalochinja kuku 6 huweza kuuza mapaja 12 na vidari 6 kwa hoteli au majirani, na mabawa 12 yakabaki kuwa bidhaa nyingine kabisa. Lakini fanyeni hesabu kabla ya kufurahi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba vitu vya kujazia, mafuta, unga na makaa vimegharimu shilingi 360. Gawanyeni kwa 12, mpate shilingi 30 kwa kila bawa. Tuseme mabawa mabichi yenyewe, pamoja na nyama ya bega, yangeuzwa kwa shilingi 50 kila moja. Basi bawa lililojazwa limewagharimu shilingi 80, na bado hamjahesabu kazi ya mikono yenu. Mkiuza kwa shilingi 80, mmefanya kazi bure. Andikeni bei za soko lenu wenyewe, mpige hesabu hiyo hiyo.

Na kabla ya kuuza chakula kwa watu, mwendeeni Bwana Afya wa eneo lenu, awaeleze juu ya kibali na cheti cha kupimwa afya. Mteja mmoja akiugua kwa sababu ya bawa lisiloiva, jina la kundi limekwisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni somo hili pamoja katika kundi, kisha mjibu bila kutazama:

1. Kwa nini maji ya kunyonyolea yasiwe yanatokota?
2. Kwa nini ncha ya bawa haikatwi?
3. Kwa nini bawa hujazwa robo tatu tu?
4. Mtu wa Kinangop aongeze dakika ngapi kuliko mtu wa pwani, na kwa sababu gani?
5. Utajuaje kwamba bawa limeiva mpaka katikati?

Kazi ya mwezi huu: siku kuku atakapochinjwa nyumbani, toa mifupa ya mabawa yake mawili tu, kwa kujifunza. Yajaze, uyapike kama ulivyofundishwa, kisha wape watoto wawili walio wadogo kuliko wote. Utazame sahani zao wakisha kula.